Jinsi ya kuendesha kampuni ya gari za farasi Marekani ya 1860 bila kufilisiwa na mpinzani wako

Haya tuseme umeamka tu asubuhi ukajikuta uko Missouri, mwaka ni 1860, mfukoni una vijisenti na kichwani una wazo moja, kubeba watu uwapeleke magharibi kwenye dhahabu. Reli imeishia St. Joseph pale mto Missouri, yenyewe imefika mwaka jana tu, na kuanzia hapo mpaka Sacramento kule California kuna kilomita 3,000 na ushee za majani, milima, jangwa na theluji, na watu wamejazana mtoni wanataka kuvuka. Unajisemea mbona hela imelala chini inasubiri wa kuiokota. Ni kweli imelala, ila wenzako washaiona kabla yako, wana farasi wengi kuliko we, wana watu wao Washington, na pamoja na hayo yote wengi waliishia kudaiwa mpaka na wapishi. Kwa hiyo kaa chini nikuelekeze.

Wenyewe hiyo gari wanaiita stejikochi. Mi zamani nilidhani steji ni jukwaa, kumbe ni kile kipande cha safari toka kituo kimoja cha kubadili farasi hadi kingine. Na kochi lenyewe wala sio la sebuleni, ingawa ukikaa humo siku ishirini na nne utalitamani hata lile la sebuleni lililochanika. Mi ntasema gari tu tuelewane.

Usianze na farasi, anza na tenda

Hapa ndo wageni wote wanapokosea. Mtu anaona abiria wengi anakimbilia kununua farasi, wakati biashara yenyewe sio abiria, ni barua. Serikali inalipa kwa mwaka mzima, gari iwe imejaa au ina mtu mmoja na mbwa wake.

Chukua mfano wa mzee John Butterfield. Septemba 1857 alisaini mkataba wa kubeba barua toka St. Louis na Memphis mpaka San Francisco, mara mbili kwa wiki kila upande, ndani ya siku 25, na analipwa dola 600,000 kwa mwaka. Sasa piga hesabu nami taratibu, mara mbili kwa wiki kila upande ni safari 208 kwa mwaka, ukigawanya unapata kama dola 2,900 kwa kila safari kabla hata abiria hajapanda. Nauli ya kwenda magharibi safari nzima ilikuwa dola 200, yani barua peke yake inalipa kama abiria kumi na nne waliolipa nauli kamili, na ndani ya gari wanaingia tisa tu. Umeona? Hata ukijaza mpaka mlangoni abiria hawaifikii barua. Abiria ni chachandu, barua ndo ugali.

Na tenda haiendi kwa mwenye farasi wazuri. Aliyekuwa anagawa ni Postamasta Mkuu Aaron Brown, mtu wa Tennessee, mtu wa kusini kabisa, na njia aliyoitaka ikaenda kusini kabisa, inashuka Fort Smith, inapita Texas mpaka El Paso, Tucson, Fort Yuma, ndo inapanda Los Angeles na San Francisco, karibu kilomita 4,500. Watu wa kaskazini walipiga kelele sana, njia imepinda kama upinde wa nira ya ng'ombe na jina hilo likaigandia. Walioomba tenda na njia zao za katikati wakaambiwa asanteni kwa kushiriki. Mmoja wa waliotegemea kuipata ni James Birch, kijana wa Rhode Island aliyetajirika California, yeye akapewa ndogo, toka San Antonio mpaka San Diego, dola 149,800 kwa mwaka, na hiyo njia watu waliitania Posta ya Punda mana kipande cha jangwani abiria walishushwa kwenye gari wakapandishwa juu ya nyumbu, yule chotara wa punda na farasi. Septemba 1857 hiyohiyo ambayo Butterfield anasaini wino, Birch alizama na meli ya Central America akienda kwao. Biashara hii inamaliza watu hata baharini.

Kwa hiyo fanya hivi: kabla hujanunua hata kiatu cha farasi, jua nani anagawa tenda, ametokea wapi, na anataka njia ipite kwa kina nani.

Kuna mchezo mwingine ntakuambia ila usiseme mi ndo nimekufundisha. Sheria ya 1845 ilisema tenda apewe mwenye bei ya chini kabisa, mradi barua ziende kwa haraka, kwa uhakika na kwa usalama, na makarani wa posta walichoka kuandika hayo maneno matatu kila mara wakawa wanachora nyota tatu tu, ndo mana zikaitwa njia za nyota. Wajanja wakagundua tenda hewa. Unaweka majina ya watu wako kadhaa, wa kwanza bei ya chini kabisa, wa pili juu kidogo, wa tatu juu zaidi, mpinzani anashindwa na bei ya kwanza, alafu watu wako wanajitoa mmoja mmoja mpaka tenda inakuangukia we mwenye bei nono. Mwingine ni kuomba kwa bei ya kutupa, ukishapata unaandika barua kwamba wananchi wanaomba huduma ya haraka zaidi na mara nyingi zaidi, na malipo yanaongezwa mara kadhaa kwa njia ambayo ina watu wachache kuliko mbuzi. Hii ilikuja kupasuka 1881, afisa mkubwa wa posta Thomas Brady na aliyekuwa seneta Stephen Dorsey wakapelekwa mahakamani, wakaachiwa 1883. Wakaachiwa, ndiyo. Ila usitegemee bahati ya seneta kama we sio seneta.

Njia

Mpinzani wako atakutisha na ramani, anakuonyesha mstari mfupi. Mstari mfupi hauna maana kama hauna maji. Unauliza maji yako wapi, majani yako wapi, theluji inafunga lini, na ardhi ni ya nani. Hili la mwisho kampuni nyingi hazikutaka kuliuliza na likazigharimu kuliko theluji.

Mana ile ardhi haikuwa tupu bana. Kusini kulikuwa na Waapache, wenyeji wa huko, na kile kituo cha Apache Pass kwenye njia ya Butterfield kilikaa pale kwa sababu kiongozi wao Cochise na watu wake walikubali kuishi nacho. Februari 1861 afisa mmoja kijana wa jeshi akamwita Cochise, akamtuhumu kuiba mtoto ambaye hakumuiba, akataka kumshika, Cochise akachana hema akatoroka, pande zote mbili zikaua mateka, na vita ikaendelea zaidi ya miaka kumi. Na kule uwandani, Novemba 29, 1864 wanajeshi wa Colorado waliwaua Wacheyenne na Waarapaho, nao wenyeji wa ile ardhi, zaidi ya 150 pale Sand Creek, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliokuwa wamepiga kambi wakiamini wana amani. Januari na Februari 1865 wapiganaji wao wakaja Julesburg mara mbili, kituo kikachomwa, na njia nzima ya mto Platte ikafungwa kwa muda. Mwenye kampuni analia farasi zangu, mahindi yangu, lakini ukimuuliza hiyo njia ulimwomba nani anakutolea macho.

Kwa hiyo kama mpinzani amechukua njia salama ikabaki ile fupi inayokatisha katikati ya uwanda wa watu wa kuwindia nyati, usiichukue. Kuna jamaa aliichukua, ntamfikia.

Mahindi ndo yatakuua

Sasa hapa tulia mana hapa ndo kampuni zilipokuwa zinakufa kimyakimya. Watu wanapenda kusimulia majambazi na risasi, ila kilichokuwa kinamaliza hela ni chakula cha wanyama.

Gari inaenda usiku na mchana, wastani kama kilomita 8 kwa saa ukijumlisha kila kitu, na farasi hawezi kuivuta hivo zaidi ya saa mbili tatu. Kwa hiyo kila kilomita 16 mpaka 24 lazima kuwe na kituo kidogo, wanakaa vijana wawili watatu na zizi, gari inafika farasi wapya washafungwa hatamu tayari, wanabadilisha dakika chache, inaondoka. Kila kama kilomita 80 unaweka kituo kikubwa chenye jiko na pa kulala, hapo ndo dereva anabadilika na abiria wanakula.

Chukua kipande cha Atchison Kansas mpaka Salt Lake City, kama kilomita 1,900. Ukiweka kituo kila kilomita 20 una vituo 95, na kwa gari ya kila siku kwenda na kurudi tuseme farasi kumi tu kila kituo, hao ni farasi 950, na tuseme kila mmoja anakula kilo tano za mahindi kwa siku, unahitaji karibu tani tano kila siku iendayo kwa Mungu. Na huko katikati hayaoti mahindi! Inabidi uyasafirishe kwa mikokoteni ya ng'ombe toka Missouri au toka kwa wakulima wa Kimormoni kule Utah, miezi kabla, na mkokoteni wenyewe unatembea pole mpaka inatia hasira, na kama yameibiwa au yameoza au yamechomwa, farasi wako wanakonda na gari inachelewa na posta inakukata malipo.

Ndo mana mtu mwenye akili alikuwa hashindani na gari ya mpinzani, anashindana na ghala lake. Nenda kwa wakulima mapema, nunua mavuno yakiwa bado shambani, funga mkataba na wakata majani. Mpinzani akija Septemba anakuta hakuna hata debe moja. Huna haja ya kumgusa.

Kuhusu gari zenyewe sitakaa sana. Nzuri zaidi zilitoka Concord, New Hampshire, kwa Abbot na Downing, zimetengenezwa tangu 1827, zina kilo kama 1,100, bodi haikai kwenye springi za chuma bali inaning'inia kwenye mikanda minene ya ngozi, inabembea mbele nyuma kama mtoto mgongoni, nzuri kwa farasi mana haiwashtui kwenye mashimo, mbaya kwa abiria mwenye tumbo jepesi. Ila ni ghali, zaidi ya dola 1,000 moja. Usizipeleke jangwani. Butterfield mwenyewe sehemu mbaya alitumia gari nyepesi zenye paa la turubai, na huko kwenye mchanga alifunga nyumbu. Concord ipake rangi iwe nyekundu, magurudumu ya njano, iweke karibu na mji watu waione ikiingia na kuondoka, huko porini nani anaangalia rangi.

Watu wako

Dereva utampata tu, madereva wa wakati ule walikuwa mastaa, mtu anashika hatamu za farasi sita kwa vidole vya mkono mmoja na mjeledi kwa mwingine, watoto wanamkimbilia kila akifika. California alikuwepo Charley Parkhurst, jicho moja, dereva mzito kabisa, kaendesha miaka na miaka, alipofariki 1879 walioenda kuosha mwili wakakuta ni mwanamke. Hakuna abiria aliyewahi kulalamika.

Shida iko kwa msimamizi wa kanda, yule anayeangalia vituo vya kilomita mia kadhaa, farasi, mahindi na vibaka. Huko polisi hakuna, na ukiweka mpole vituo vyote vinageuka pango. Pale Julesburg msimamizi wa kituo alikuwa Jules Beni, kituo kimechukua jina lake mwenyewe, na farasi wa kampuni walikuwa wanapotea kimaajabu. Kampuni ikamleta Jack Slade amnyooshe. Beni akampiga risasi Slade 1860, Slade akapona, mwaka uliofuata Beni akakamatwa na kuuawa, na inasimuliwa kwamba Slade alimkata masikio akatembea nayo mfukoni. Farasi wakaacha kupotea! Gari zikaanza kufika kwa saa! Ila Slade akinywa alikuwa anavunja mpaka maduka ya wateja wako, kampuni ikabidi imfukuze, na Machi 10, 1864 wananchi wa Virginia City, ambayo leo iko Montana, wakamnyonga kwa fujo za ulevi tu, sio kwa mauaji. Kwa hiyo muajiri mkali lakini chungulia chupa.

Vita ya nauli usiikimbilie

Najua unataka kushusha nauli. Kila mtu anataka. Sacramento miaka ile ya mwanzo ya dhahabu asubuhi ilikuwa vurugu, gari zimepangwa mstari mbele ya hoteli, wapiga debe wanakuvuta begi huyu huku yule kule, wanaponda gari ya mwenzake kwamba farasi wake vipofu, na nauli inashuka ukiwa umesimama hapohapo. Abiria anafurahi, wenye gari wanakula hasara. Birch, kabla hajafikiria hizo safari za mbali, aliliona hilo mapema, akawaita wapinzani wake akina Frank Stevens mezani na Januari 1, 1854 wakaunganisha kampuni zao zikawa moja, California Stage Company, na sehemu kubwa sana ya gari za jimbo zima zikawa chini yake. Nauli ikaacha kushuka siku hiyo. Sio haki kwa abiria, ila we umeniuliza namna ya kuendesha kampuni, hujaniuliza namna ya kuwa abiria.

Kushusha nauli kuna maana kwenye hali moja tu, we una hela ya tenda nyuma yako na mwenzako hana. Ben Holladay ndo alikuwa bingwa wa hili, akiingia kwenye njia ambayo ina mtu tayari, kama alivomfanyia A. J. Oliver kwenye njia ya kwenda kwenye dhahabu ya Montana, anabeba abiria kwa bei ya kutupa mpaka mwenzake anafunga zizi, alafu anaipandisha juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kama huna mkataba wa serikali ukijaribu hivo unajichimbia mwenyewe.

Matangazo, na mkosi wa kumpikia mwenzako

Butterfield alikuwa na bahati, gari yake ya kwanza ya kwenda magharibi Septemba 1858 ilimbeba mwandishi wa gazeti la New York Herald, Waterman Ormsby, abiria pekee aliyeenda nayo mwanzo mpaka mwisho, akaandika kila kituo, kila chakula kibaya, na nchi nzima ikasoma. Ilifika San Francisco Oktoba 10, chini ya siku 24 wakati mkataba unasema 25. Mwandishi mmoja kwenye gari ya kwanza ni bora kuliko mabango elfu.

Sasa angalia yule aliyetangaza kupita kiasi. William Russell na wenzake Majors na Waddell walikuwa na njia ya katikati, fupi kuliko ya Butterfield, na waliitaka ile tenda kwa hali na mali. Ili kuionyesha serikali kwamba njia yao inapitika hata wakati wa theluji, Aprili 3, 1860 wakaanzisha Pony Express, vijana wepesi juu ya farasi, St. Joseph mpaka Sacramento siku kumi, dola 5 kwa barua ya gramu kama 14. Kila mtu anaijua mpaka leo. Wachache wanajua kwamba ilikuwa tangazo, na kwamba kila barua ilikuwa inawatia hasara. Wafanyakazi hawalipwi, kampuni jina lake refu lilifupishwa herufi C.O.C. & P.P., na vijana wakasema maana yake ni Clean Out of Cash and Poor Pay, yani Hela Zimekauka na Mshahara Kiduchu. Russell akiwa anahangaika akachukua kupitia karani wa serikali hati za dhamana za dola 870,000 ambazo zilikuwa ni mali ya mfuko wa makabila ya Wahindi Wekundu, akakamatwa Desemba 1860.

Alafu subiri, uchungu wenyewe huu hapa. Texas ikajitoa kwenye muungano wa Marekani 1861, njia ya kusini ikawa haipitiki, na Machi 2 bunge likahamishia posta yote njia ya katikati, ile ileile ambayo Russell ameitangaza kwa jasho na madeni, kwa dola milioni 1 kwa mwaka. Wakampa nani? Kampuni ya Butterfield! Mzee John mwenyewe alishatolewa 1860 na wadai wake, ila kampuni ilikuwepo, na Russell akabaki na kazi ya kukodishiwa kipande cha mashariki, Missouri mpaka Salt Lake. Oktoba 1861 waya wa telegrafu ukaunganishwa Salt Lake na Pony Express ikafa hapohapo. Alipika, akapakua, akala mwingine.

Kwa hiyo tangaza jina lako, usitangaze njia. Njia haina hakimiliki.

Usimnunue mpinzani, mkopeshe

Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo ilimfanya Holladay aitwe mfalme wa gari za farasi. Holladay alizaliwa Kentucky 1819, alianza kwa kuuza bidhaa jeshini, na wakati Russell anahangaika yeye ndo alikuwa anamkopesha. Anakopesha, anaandika rehani, ananyamaza. Binamu yake Bela Hughes mpaka akawa rais wa kampuni ya Russell. Deni likaiva, kampuni ikapigwa mnada Machi 1862, na Holladay akainunua kwa dola 100,000, farasi, vituo, gari, na kile kipande cha tenda. Hakujenga kituo hata kimoja mwanzoni. Aliwaacha wenzake wajenge.

Baadaye akatokea yule jamaa niliyekuahidi, David Butterfield. Hana undugu wowote na mzee John, ila jina si unaona lilivyomsaidia, watu wanasikia Butterfield wanaweka hela. 1865 akafungua kampuni yake toka Atchison mpaka Denver kwa njia ya Smoky Hill, fupi kuliko ya Holladay ya mto Platte, ofisi za kifahari, matangazo mpaka New York. Na njia inakatisha katikati ya uwanda wa Wacheyenne, mwaka mmoja baada ya Sand Creek. Vituo vikaanza kuungua kabla rangi haijakauka.

Wakubwa wa kampuni za mizigo kule mashariki, Wells Fargo wakiwemo, wakamtishia Holladay kwamba usipotushushia bei tutaweka farasi wetu njia nzima mpaka Salt Lake na hii ya Butterfield ndo tutaanzia. Mtu mwingine angekimbilia kujadiliana. Holladay, inasimuliwa, alituma watu wake wakapita njia ya Smoky Hill kituo kwa kituo wakihesabu, farasi wangapi, mahindi kiasi gani, wapi pamechomwa. Wakamrudishia karatasi, akaona huyu mtu hana kitu, akawajibu wale wakubwa kwamba wekeni hao farasi tuone, na matusi juu. Machi 1866 akaichukua kampuni ya David Butterfield nzima.

Kwa hiyo kabla hujamuogopa mpinzani nenda kamhesabie farasi. Panda gari yake kama abiria, lipa nauli, angalia mbavu za farasi, angalia ghala, muulize mpishi kalipwa lini. Mpishi hadanganyi.

Abiria, kwa kifupi

Begi mwisho kilo 11 hivi, zaidi ya hapo analipia. Benchi tatu, tisa ndani, wa katikati hawana cha kuegemea isipokuwa mkanda wa ngozi, magoti yanaingiliana na ya aliye mbele kama meno ya zipu. Chakula maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, mkate na kahawa nyeusi, na analipia mwenyewe, usimpe bure. Gari ikikwama wanashuka kusukuma. Watalalamika, ila wataenda na nani.

Dhahabu ya kurudi nayo ndo uilinde. Kampuni ya akina Gilmer na Salisbury iliyokuwa inatoka Cheyenne kwenda Deadwood, huko nako ni ardhi ya wenyeji Walakota waliyohakikishiwa kwa mkataba wa 1868 na ikavamiwa kwa ajili ya dhahabu, na huko nako ni vita ya kampuni, wengine wanatokea Sidney, wengine Bismarck, kila mji unaapa njia yake ndo fupi, basi wao wakatengeneza gari ya hazina iliyofunikwa mabati ya chuma ndani ikaitwa Monitor. Septemba 26, 1878 majambazi hawakuhangaika na chuma, waliwahi kituo cha Canyon Springs, wakamfunga mtunza farasi, wakasubiri gari isimame kubadilisha farasi kama kawaida yake. Chuma ulifunga kwenye gari, kituo uliacha wazi.

Kuuza

Hapa ndo watu wote wanashindwa, mana ukishamshinda mpinzani unajiona umeoa biashara. Angalia reli. Usiangalie gari ya mwenzako, angalia reli, mana ndo mpinzani ambaye huwezi kumkopesha wala kumnyima mahindi.

Holladay aliiangalia. Novemba 1, 1866, miezi minane tu baada ya kumlamba David Butterfield, akauza kila kitu kwa Wells Fargo, dola milioni 1.5 taslimu na hisa za dola 300,000 juu. Wells Fargo wakafurahi mana sasa karibu kila gari ya maana toka mto Missouri mpaka California ni yao, hakuna mpinzani hata wa dawa. Walidhani reli bado ina miaka mingi. Ilikutana Promontory, Utah, Mei 10, 1869. Holladay naye kabla hujamshangilia sana, ile hela akaiingiza kwenye reli za Oregon, mdororo wa 1873 ukamkomba, akafa 1887 bila ufalme wowote.

Ila Wells Fargo ndo wananichekesha. Wakati reli inakuja mbio toka pande zote mbili wao wakaagiza gari mpya 30 za Concord kwa mpigo, oda ambayo kiwanda kiliitengenezea mpaka picha. Nyekundu, magurudumu ya njano, kila mlango umechorwa mandhari. Aprili 1868 zikawa tayari kwenda Omaha kuanza kazi, na kwa sababu ni mbali na farasi wangechoka, wakazipakia zote juu ya mabehewa ya treni.